Kambi ya familia Aberdare: jinsi ya kuvua trauti na kuyafikia maporomoko bila watoto kuganda kwa baridi

Familia nyingi za Nairobi zikiamua kulala kwenye hema huishia Naivasha. Hapana ubaya. Lakini kuna mahali, mwendo wa asubuhi moja kutoka jijini, ambapo mtoto anaweza kuvua samaki kwenye kijito cha maji baridi, kuyatazama maporomoko marefu kuliko yote nchini, na usiku kumsikia fisi akilia bondeni huku amejifunika gubigubi. Ni eneo la juu la Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, kwenye safu ya Nyandarua, ambako msitu na mianzi huachia nafasi nyasi ndefu na lobelia, na mwinuko unakaribia mita 3,000.

Nitaeleza safari ya siku 3 na usiku 2 kwa familia yenye watoto wa kuanzia miaka 6 hivi. Kanuni moja inaongoza kila kitu hapa chini: mtoto mdogo kuliko wote kwenye gari ndiye kipimo. Akiwa na joto, ameshiba na hajachoka, safari itafana. Akiloa chepechepe saa nane mchana, hakuna maporomoko yatakayomfurahisha yeyote.

Kuchagua mwezi

Likizo za shule ndizo zinazotuamulia, na hazikupangwa kwa kufuata mvua. Aprili msiende. Masika hugeuza barabara za ndani ya mbuga kuwa matope matupu, na baadhi hufungwa. Agosti inawezekana, ila tarajieni ukungu, manyunyu na baridi kali. Desemba ndiyo likizo inayofaa zaidi, hasa mwishoni, mvua za vuli zikishapungua. Kama watoto hawajaanza shule, nendeni Januari au Februari, wakati anga linapokuwa wazi asubuhi. Kiangazi hicho kina hatari yake: nyasi za juu hukauka na kushika moto upesi. Februari 2022 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyasi hizo, kwa hiyo msiwashe moto nje ya mahali palipotengwa.

Mwezi wowote ule, mlima una ratiba yake. Asubuhi huwa kweupe. Kuanzia saa sita au saa saba mchana ukungu hupanda kutoka mabondeni na mara nyingi mvua hufuata. Mambo yote makubwa ya siku yafanyike kabla ya chakula cha mchana.

Njia, gari na lango

Kutoka Nairobi fuateni Thika Road hadi Kenol, mpite Sagana na Karatina mpaka Nyeri, karibu kilomita 150. Jazeni mafuta Nyeri, kwani mbele hakuna kituo cha kutegemea. Kutoka hapo barabara inapanda kati ya mashamba ya chai hadi lango la Kiandongoro, ambalo ndilo ninalowashauri wenye watoto: liko karibu na maeneo ya kambi, na ukishafika Nyeri hubaki na safari ndefu. Lango la Mutubio, upande wa Naivasha na Ndunyu Njeru, lina mandhari ya kupendeza lakini mteremko wake ni mkali. Kukiwa kukavu, ingieni Kiandongoro na mtoke Mutubio, mtakuwa mmeuvuka mlima mzima.

Msichanganye eneo hili na lile la chini zilipo hoteli za Treetops na The Ark. Kule ni msitu mzito wenye ndovu na nyati wengi, na watu huenda kutazama wanyama, si kutembea na watoto wala kuvua.

Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta, lililoinuka. Wenyeji watawaambia hivyo hivyo, na ni kweli hata wakati wa kiangazi, maana mvua ya alasiri moja inatosha kuufanya udongo uteleze. Bebeni sepetu, kamba ya kukokotea na gurudumu la akiba lenye upepo. Mkiweza, nendeni magari mawili.

Nyeri kuna kituo kizuri kwa watoto walio kwenye skauti: kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa chama hicho, aliyefia mjini humo Januari 1941. Nusu saa inatosha, na miguu inanyooshwa kabla ya kupanda.

Malipo, leseni na afande

Mbuga iko chini ya KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na langoni hawapokei pesa taslimu. Lipeni kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, mkiwa bado nyumbani au Nyeri, kwa sababu mtandao wa simu hukatika mkiukaribia mlima. Hifadhini risiti kwenye simu na mchapishe nakala moja. Viwango hubadilika, kwa hiyo viangalieni wiki mnayosafiri, wala msitegemee alichowaambia rafiki aliyeenda mwaka jana. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho vya watu wazima, kwani ada hutofautiana kwa umri na uraia.

Kuna mambo matatu ya kulipia ambayo watu husahau. La kwanza ni ada ya kupiga kambi, ambayo si sehemu ya kiingilio. La pili ni leseni ya uvuvi. Ulizeni kabla ya kusafiri inapatikana wapi kwa wakati huo, na someni masharti yake kuhusu idadi na ukubwa wa samaki mnaoruhusiwa kuondoka nao. La tatu ni askari wa kuwasindikiza. Kwa matembezi yoyote ya kuacha gari mbali, mchukueni afande mwenye bunduki. Nyati akiwa peke yake kwenye nyasi ndefu haonekani mpaka umfikie, na afande anajua wapi wamelala leo. Zaidi ya usalama, hawa ndio walimu bora wa watoto huko juu. Mpeni mtoto nafasi ya kutembea nyuma yake na kumuuliza maswali.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 hata chupa za maji za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga. Pakieni kwa mikebe, vyombo vya kudumu na vikapu.

Joto la usiku

Hapa ndipo safari nyingi za familia huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,700, kwa hiyo usiku wa kawaida wa jijini, ukiupeleka kambini, unakuwa usiku wa kukaribia sifuri, na alfajiri nyasi zinaweza kuwa nyeupe kwa jalidi. Baridi hiyo haiji kutoka juu peke yake. Mtoto anayelia saa tisa usiku mara nyingi amepoa mgongo, kwa sababu blanketi zote mlimfunika juu na chini akabaki na godoro la upepo, ambalo hewa yake hupoa kama ardhi. Tandikeni mkeka au turubai, kisha godoro la sponji, kisha blanketi moja la sufu, ndipo begi la kulalia.

Nguo za kulalia ziwe kavu na zisiwe zimevaliwa mchana. Wavulieni watoto kila kitu kabla ya jua kutua, hata kama wanasema hawajaloa, maana jasho la mchezo linatosha kuwapoza. Wavalisheni fulana ya kubana, sweta, soksi mbili na kofia ya sufu. Pamba ikilowa haina msaada. Sufu au nailoni nyepesi ni bora. Kabla ya kulala chemsheni maji, mmimine kwenye chupa ya chuma inayofunga vizuri, muivalishe soksi nene na kuiweka miguuni mwa mtoto ndani ya begi. Chupa hiyo hukaa na joto kwa saa nyingi, na asubuhi mnaosha uso kwa maji yake.

Jiko la makaa lisiingie hemani kamwe, hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Hewa ya sumu inayotoka humo haionekani wala hainuki, na aliyelala haamki. Jiko la gesi nalo halipaswi kuwashwa ndani ya hema. Mwambieni kila mtu mzima aliye nanyi, akiwemo shosho (bibi) aliyezoea kuota moto chumbani, na mhakikishe jiko limezimwa kwa maji kabla ya kwenda kulala.

Kama kuna mtoto mchanga au mtu mwenye pumu, msing'ang'anie hema. KWS ina nyumba za kujipikia za Fishing Lodge huko huko juu, zenye mahali pa kuwashia moto. Wengine wapige hema na hao walale ndani.

Chakula kinachoiva huko juu

Kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi badala ya 100. Yanatokota kwa kelele zote lakini hayana joto la kuivisha maharagwe. Ndiyo maana githeri iliyoanzishwa kambini saa kumi jioni huwa bado ngumu saa mbili usiku. Chemsheni maharagwe, mahindi, ndengu na nyama nyumbani, mziache zipoe, mziweke kwenye mikebe. Kambini mtakaanga tu kitunguu na nyanya na kuvipasha moto. Chapati pikeni nyumbani. Ugali unaiva, ila uupe muda zaidi na ufunike. Wali huchelewa; kama hauna budi, tumieni sufuria ya presha.

Uji wa asubuhi wenye siagi na sukari huwapa watoto nguvu ya kutembea kuliko mkate. Chai iwe tayari kwenye thamosi muda wote. Meko (mtungi wa gesi) ya kilo 6 inatosha familia ya watu sita kwa siku hizi tatu. Maji ya mito yanapendeza kuyatazama, lakini ndovu na nyati wanayanywa na kuyaoga, kwa hiyo ya kunywa yachemsheni au mbebe ya kutosha kutoka Nyeri.

Siku ya kwanza: fikeni mapema, fanyeni kidogo

Ondokeni Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Mkiwa langoni kabla ya saa tano mnaweza kuingia polepole, maana ndani kasi haipaswi kuzidi kilomita 40 kwa saa. Kwenye mianzi fungueni macho. Kinyesi cha ndovu kikitoa mvuke bado ni kibichi, simameni na mzime muziki. Mkimkuta barabarani, msipige honi wala kumsogelea. Rudini nyuma taratibu na mngoje. Atapita.

Kambi ya Reedbuck, karibu na Fishing Lodge, ndiyo inayofaa familia. Chagueni mahali palipoinuka kidogo, mbali na ukingo wa mto na mbali na vijia vya wanyama, ambavyo mtavijua kwa nyasi zilizolala na nyayo. Mlango wa hema uelekee gari. Kazeni turubai la juu lisigusane na hema, la sivyo umande utapenya ndani. Kazeni kamba na mchimbie vigingi vizuri, kwani upepo wa jioni una nguvu.

Halafu pumzikeni. Mwinuko huu huwaumiza wengine kichwa, na watoto hawajui kusema. Hukataa chakula na kununa. Wapeni maji mengi, panadoli kwa kipimo cha umri wao, na wasikimbie sana. Mtoto akianza kutapika mfululizo au kuyumba akitembea, msingoje asubuhi, msishauriane. Shukeni naye Nyeri wakati huo huo.

Mkiwa na nguvu jioni, nendeni Maporomoko ya Chania. Si marefu, njia si ndefu, na mtoto anaweza kusimama chini na kuhisi mvuke wa maji usoni. Kwa siku ya kwanza hayo yanatosha.

Kabla ya giza, chakula chote, sabuni na hata dawa ya meno viingie kwenye gari na milango ifungwe. Nyani ni wezi wa mchana na fisi ni wezi wa usiku. Watoto wasitoke hemani peke yao usiku kwa lolote; wekeni ndoo yenye kifuniko kwenye ukumbi wa hema. Mtu mzima akilazimika kutoka, aangaze tochi pande zote kwanza na kutafuta macho yanayong'aa.

Siku ya pili, asubuhi: trauti

Samaki huyu si wa asili hapa. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland na kuyaweka kwenye mto Gura, na kutoka hapo akaenea kwenye mito baridi ya milima ya Kenya. Baadaye kituo cha kutotolea trauti kikajengwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Anahitaji maji ya baridi yenye hewa nyingi, ndiyo maana humpati bondeni.

Mafunzo yaanze nyumbani, majuma mawili kabla ya safari. Mfungieni mtoto kipande cha uzi mwekundu badala ya ndoana, mumpe ufito wa futi 7 au 8, mweke sufuria kwenye nyasi, naye ajifunze kuutua uzi ndani yake. Trauti wa mito hii huvuliwa kwa chambo bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana yakafanana na mdudu, na mshipi wenyewe ndio wenye uzito wa kukirusha. Mkono unakwenda nyuma, unatulia kidogo mshipi unyooke, kisha mbele. Hapo kwenye kutulia ndipo watoto hushindwa, kwa sababu wana haraka. Mwambie ahesabu moja kimoyomoyo.

Kabla ya kuondoka kambini, minyeni kwa koleo kile kijino kinachozuia ndoana isitoke. Samaki mdogo atarudishwa majini bila kuchanika, na ndoana ikimwingia mtu kidoleni itatoka bila daktari. Kila mmoja avae kofia na miwani. Kwa kila ufito awepo mtu mzima mmoja, na hakuna anayesimama nyuma ya anayerusha.

Mtoni, fikeni kutoka chini mkielekea juu. Trauti huukabili mkondo, akingoja chakula kiletwe na maji, kwa hiyo ukimjia kutoka nyuma hakuoni. Inama, tembea polepole, usikanyage kwa kishindo, na uangalie kivuli chako kisitangulie. Usirushe katikati ya maji yanayokwenda kasi. Tafuta nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbika, au pale maji ya povu yanapokutana na maji yaliyotulia. Tua chambo juu kidogo ya hapo, kiteremke chenyewe kama mdudu aliyeanguka. Mshipi ukisita hata kidogo, inua ufito taratibu. Trauti wengi wa vijito hivi si wakubwa, na mshtuko mkali unawang'oa.

Akishikwa, mtoto aloweshe mikono kwanza. Mikono mikavu huondoa ute wa ngozi yake, na samaki aliyerudishwa bila ute huugua. Amshike majini akielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Wale mnaoruhusiwa kubaki nao waueni mara moja kwa pigo moja la kichwa, mbele ya watoto na kwa maelezo ya wazi. Ni jambo la heshima kwa mnyama na wao hulielewa.

Matumbo yasitupwe kambini. Mwulizeni afande pa kuyazika. Samaki mwenyewe pakeni chumvi, weka kipande cha limau na kitunguu tumboni, mfunge kwenye karatasi ya foili na kumweka pembeni mwa makaa, si juu ya mwali. Dakika kumi kwa samaki mdogo. Nyama ikiachana na mfupa kwa uma, ameiva.

Maji yakigeuka ghafla kuwa ya kahawia au yakianza kubeba majani, tokeni mtoni wote, hata jua likiwaka. Kumenyesha juu, na mto utajaa kabla hamjaiona mvua.

Siku ya tatu: Karuru

Amkeni saa kumi na moja na nusu, vunjeni kambi, na muwe kwenye Maporomoko ya Karuru kabla ya saa tatu asubuhi. Maji hapa huanguka jumla ya mita 273 kwa ngazi tatu: mita 117, kisha 26, kisha 130. Jukwaa la mbao la juu liko karibu na mahali pa kuegesha magari, hata shosho analifikia. La chini lina njia ya mteremko yenye utelezi. Kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima mmoja, na wa chini ya miaka 8 abaki juu na mtu wa kukaa naye. Kabla ya kumruhusu yeyote kuegemea ukingo wa mbao, utikiseni. Huo unyevu hauachi mbao salama.

Kutoka hapo tazameni ng'ambo ya bonde: ule uzi mweupe unaoshuka kwenye jabali ni Maporomoko ya Gura. Waelezeni watoto maji haya yanakokwenda. Yanaingia Tana, yanapita kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na sehemu ya umeme wa nyumbani kwao hutoka huko. Msitu huu pia ndio uliowaficha wapiganaji wa Mau Mau; Dedan Kimathi alikamatwa pembezoni mwake Oktoba 1956.

Kama kuna nguvu na anga bado ni jeupe, ongezeni Magura, ambako nyuma ya pazia la maji kuna pango. Afande awatangulie. Ukungu ukianza kupanda, liacheni hilo na mgeuze gari, kwani kushuka Mutubio gizani au katika matope si kazi ya gari lenye watoto. Malango hufungwa saa kumi na mbili jioni.

Takataka zote zirudi nanyi hadi Nyeri au Naivasha. Mkifika nyumbani, hema litandazwe usiku huo huo sebuleni au kwenye kamba, hata kama mmechoka, kwa sababu likikaa limekunjwa na umande siku mbili litaota ukungu na turubai la juu litaanza kuvuja. Mshipi wa kuvulia ufuteni kwa kitambaa kikavu, ndoana zianikwe zisipate kutu, na mabegi ya kulalia yatundikwe wiki nzima kabla ya kuwekwa kabatini.